Kifaa Kilichobaki Bakulini

Tangu kila mtu alazimike kuvaa kifaa cha sikioni, kinachotafsiri lugha zote na kuyapunguza makali maneno ili watu wasigombane, chuo cha Tanga kiliacha kufundisha Kijerumani cha kuagiza chai na kuuliza njia. Mwaka wa pili ukawa wa kusoma hadithi tu, masikio wazi, vifaa vimeachwa kwenye bakuli mlangoni.

"Kihiyo, usiniambie mama huyu wa hadithini kasema nini," alisema Mwalimu Sidonia. "Niambie kaficha nini."

"Anasema chakula kipo, lakini hamtazami mumewe," akajibu Kihiyo, fundi bomba aliyesoma jioni baada ya kazi. "Kamchoka."

"Ewaa! Fundi bomba umeiva!"

Darasa zima likampigia makofi. Kwa furaha ile Kihiyo akaondoka bila kukumbuka kifaa chake.

Nyumbani alimkuta mkewe, Anke, akisugua sufuria. Anke akasema kwa Kijerumani yale anayoyasema kila jioni. Miaka yote kifaa kilimletea Kihiyo, "Karibu mpenzi, nilikungoja." Leo aliyasikia yenyewe: "Umekuja. Chakula kipo." Wala hakugeuka.

Kihiyo akasimama kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Mke wangu, umenichoka?"

Anke, mwenye kifaa chake sikioni, akageuka na kutabasamu kama mtu aliyesifiwa mapishi.

Kihiyo akanyoosha mkono amvue kifaa. Anke akarudi nyuma, akaliziba sikio kwa kiganja chenye povu.

"Hapana," alisema kwa Kijerumani.

Neno hilo Kihiyo alilijua tangu somo la kwanza.