Marehemu Ametoa Wimbo Mpya

Marehemu Jérémie alitoa wimbo mpya tena, na safari hii alitaja jina la Irène. Sasa, Irène ni binti yake, sawa. Lakini alizaliwa baba yake akiwa tayari kwenye kaburi, na jina alipewa kanisani. Jérémie alilijulia wapi?

Muji muzima ulikuwa unacheza ule wimbo. Kwenye kartie ya Musaga tu, kwa mama yake Jérémie, hakuna mutu alicheza. Mama alizima redio, akamuangalia Pascaline, mujane wa mutoto wake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mutu bado anaimba, na we unataka tuganduke?"

Kuganduka njo ile siku familia inakaa, inakunywa pamoja, inamaliza kilio. Bila hiyo mujane hachezi, haendi harusi ya watu, haolewi. Ni kama na yeye wamemuzika, ila wamemuacha kichwa nje. Pascaline alianza kuingoja ile siku Irène hajajua kutembea, na sasa Irène anakimbia. Kila familia inapokaribia kukubali, paf, Jérémie anatoa wimbo mwingine.

Mwenye kuzitoa alikuwa Zénon. Hawa wawili walianza pamoja. Jérémie mbele na mikro, muzuri vile, shati nyeupe, wasichana wanalia. Zénon nyuma na gita, kichwa chini. CD inapiga muziki na sauti, watu wanaruka, kama kawaida ya konsere za hapa kwetu. Jérémie akafa na ajali kwenye barabara ya Rumonge. Zénon akaweka gita, akakuwa DJ. Klabu za kando ya ziwa zilimugombania, hata kama mikro hakuigusa: kusalimia watu aliachia wengine, sababu ulimi wake unakwama. Kisha akafungua label yake ya muziki kwenye kartie ya Asiatique, juu ya duka ya vitenge, na ile label ikaishi na sauti ya rafiki yake.

"Aliacha sto-stoki kubwa ya nyimbo," alikuwa anaambia watu wa redio.

Bon. Stoki gani inajua mutoto hajazaliwa?

Wengine walisema Jérémie hajafa, amejificha Uvira. Wengine walisema maneno ambayo mutu wa kanisa harudilii. Pascaline alimuona kwenye sanduku na macho yake, anajua alizika nani. Lakini sauti ikitoka kwa jirani, mwiko ulikuwa unamuanguka mukononi. Ile sauti njo ilimuoa. Jérémie alimuchumbia kwa telefone, kila jioni wimbo, mupaka akakubali. Baada ya harusi, basi. Hata akioga hakuimba. "Musanii haimbi bure, sheri," alisema, anacheka.

Pascaline alimufuata Zénon kwenye klabu, muchana, viti bado viko juu ya meza.

"Shemeji, nakuomba. Muache apumzike."

"Mama I-Irène..."

"Nani alimuambia jina la mutoto?"

Zénon akainama. Yeye njo parrain wa Irène, baba yake wa kanisani. Siku ya ubatizo alimushika yule mutoto, akalia kuliko mama.

"Si-siwezi kuacha."

"Huwezi ao hutaki?"

"Si-siwezi, Pascaline."

"Basi mi nitakusaidia."

Jumapili, kutoka misa, aliacha Irène kwa bibi, akashuka Asiatique na nyundo kwenye saki. Kama Jérémie anakaa ndani ya mashini, mashini itavunjika leo, na kesho familia itanunua vinywaji. Hivyo tu. Hakuogopa polisi, hakuogopa mutu.

Maduka yalikuwa yamefungwa. Umeme ulikatika kartie nzima tangu asubuhi, hata yule muuza vinywaji kwenye kona alikuwa analalamika soda zake zimekuwa chai. Pascaline akaingia kwenye ngazi, giza, anapapasa ukuta.

Katikati ya ngazi akasikia Jérémie.

Hakuna ngoma, hakuna bass. Sauti peke yake, karibu kabisa, mutu anavuta pumzi kati ya maneno. Akakaa chini, nyundo ikagonga simenti.

"Jérémie?"

Sauti haikusimama. Ilikuwa inaimba Irène ameota meno, Irène anakimbia. Pascaline alitaka kurudi, akapanda. Aliacha nyundo pale pale. Akasukuma mulango wa studio na mabega.

Ordinateri, zile mashini zake, zote nyeusi. Spika kimya. Mikro imefunikwa na kitambaa.

Kwenye dirisha, Zénon alikuwa amekaa peke yake, gita kwenye mapaja, macho amefunga, anaimba na ile sauti, na ulimi wake haukukwama hata mara moja.