Majoho Yaliyopangwa kwa Alfabeti

Zilibaki dakika ishirini waitwe jukwaani, na kwaya itakayochelewa inaondolewa mashindanoni. Wanakwaya wakavaa majoho mapya. Anaeli, mwimba besi mwenye mwili wa kabati, akakwama mabegani. Eliwaza, ambaye hata kwenye picha husimamishwa juu ya stuli, alizama mpaka yakabaki macho.

"Katibu!" Anaeli akanguruma. "Nikitoka humu nakuvaa wewe!"

Katibu Tumsifu akafungua kompyuta magotini. Safu ya majina kushoto, safu ya vipimo kulia. Akaliona kosa lake. Kabla ya kumtumia fundi ile orodha, aliyapanga majina kwa alfabeti ili yapendeze. Majina yalihama, vipimo vikabaki palepale.

"Kwa hiyo nimevishwa mtu mwingine," akasema Eliwaza.

Tumsifu akalitoa daftari alimoandika vipimo siku ile ya kupimana, akaliweka kando ya skrini, akalinganisha mstari kwa mstari huku akipaza sauti. "Eliwaza, vua, hilo la kaka Anaeli! Lako analo mama Foibe!"

"Ndiyo maana sipumui," akajibu mama Foibe.

Majoho yakaruka juu ya vichwa, kila mtu akacheka na kupata lake. Likabaki la Tumsifu mwenyewe, na ndilo lililomkaba Anaeli.

"Kwaya inayofuata!" ikaita spika.

Tumsifu akashika pindo, akavuta, kwaya nzima ikamshika kiuno ikavuta naye. Kutoka ndani ya kitambaa, sauti nzito ya Anaeli ikaanza kutoa noti ya kwanza ya wimbo wao.