Lori la Mirija Arobaini

Mwanamke ambaye Bedan hakumjua alisimama mlangoni, vumbi la kijiji cha Gatuanyaga bado viatuni, kiondo kizito mkononi.

"Wewe ndiye Bedan? Mimi ni Waithira, mama ya Njau."

Bedan aliinuka kwa mkongojo. Tangu arudi kutoka Urusi miezi mitatu iliyopita, hakuna aliyebisha mlango wa chumba hiki cha mabati pale Gatongora ila mwenye ploti akidai kodi. Alimpa mgeni kiti cha pekee, yeye akaketi kitandani.

"Na mguu huo?"

"Niliumia siku ileile aliyoumia Njau, mama."

Waithira alitikisa kichwa, akakiangalia chumba, sufuria moja, kikombe kimoja.

"Chumba cha Njau kiko tupu," alisema. "Ng'ombe nakamua peke yangu, chai nakunywa peke yangu. Nyinyi mlikula sahani moja huko. Njoo ukae nami, kijana wangu. Hapa utanyauka kama sukuma ya jana."

Bedan akacheka, na kicheko chenyewe kikamshtua. Nyanya aliyemlea alizikwa yeye akiwa mbali, na hakuwa na mwingine. Alikitamani chumba hicho kabla hajakiona.

"Ila kwanza niambie," Waithira akaongeza. "Mimi nilijua mmeenda kufanya kazi ya ghala."

"Hata sisi tulijua hivyo."

Akamweleza kuhusu lori kuukuu la enzi za Kisovieti, mirija arobaini mgongoni, roketi moja katika kila mrija. Zote hutoka kwa sekunde ishirini, na ardhi yote hutetemeka. Baada ya hapo mna dakika mbili tu za kuondoka, kwa maana adui ameshaona moshi na atapiga papo hapo.

Waithira alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso.

"Wenzenu waliorudi wanasema dereva aliondoa lori kabla mwenzake hajapanda, na makombora yakawakuta wote wawili."

"Ni kweli."

"Na mlikuwa wawili tu kwenye lori siku hiyo. Njau aliniambia kwenye simu kwamba kazi yake ni kupakia roketi. Kwa hivyo dereva..."

Bedan alitazama sakafu. Aliiona tena ile wodi ya hospitali ya jeshi, na Njau, siku mbili kabla ya kufa, akiwa amemshika shati: *Mama akija, Bedan, nifanyie hilo moja tu.*

"Dereva alikuwa mimi, mama."

Waithira alishusha pumzi ndefu sana. Kisha akainuka na kubeba kiondo chake. Kwao, mama hatoki nyumba ya mtu na kiondo kikiwa bado kimejaa; yeye alitoka nacho hivyo hivyo, nduma zote alizomletea zikiwa ndani.

"Mungu akusamehe," alisema. "Mimi bado."

Bedan alimfuata hadi mlangoni. Nje, Sele, jirani muuza vitunguu, alikuwa amesikia kila neno kupitia mabati. Akamrushia ufunguo.

"Kumbe wewe ni dere na umenyamaza tu! Hebu nisogezee hii pikapu, imemzibia mama njia."

Waithira alisimama kando, akingoja.

"Leo mguu unauma," Bedan akasema, akaurudisha ufunguo haraka, kabla mama hajagundua kwamba hakuwahi kuendesha gari maishani mwake.