Ushindi wa Huruma

Hii ni kweli tupu, na nikitia chumvi hata chembe, nioshe vyombo vya nyumba hii mwezi mzima.

Fundi viatu wa mtaani kwetu alishinda tena, na ushindi ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu amzike mkewe, hakuwa amefungwa drafti hata mara moja. Na mpinzani wake, muuza nyama aliyefunga bucha lake majuzi bila kumwambia mtu sababu, zamani alikuwa akimfunga mpaka wapita njia wanamzomea.

Fundi akaanza kunusa. Watu walikuwa wakimletea viatu visivyo na kasoro, wapate kumpa kazi na pole kwa pamoja. Pole ya kwanza ni asali, ya kumi ni shubiri. Lakini hata rafiki wa drafti? Kuachiwa ushindi ni kutupiwa mfupa.

Akamchunguza. Muuza nyama alipapasa kila kizibo cha soda, ndizo kete zao, kabla ya kukisogeza, kama anayetafuta pa kukosea. Hakumtazama usoni. Fundi akinyamaza kidogo, anaulizwa, "Upo, ndugu yangu?" Sauti ya msibani kabisa.

Basi fundi akatega. Kwao kete haisogezwi hivi hivi. Inapigwa ubaoni paa, mtaa mzima usikie. Siku hiyo akaisukuma kingi yake, kete kuu, taratibu kwa ncha ya kidole, akaiacha mdomoni mwa adui. Hata mtoto anayenyonya angeila. Ikiachwa, urafiki umekwisha; moyoni fundi alishakunja mkeka wake.

Muuza nyama hakuila. Alikaa tu, mikono magotini, uso ameuelekeza barabarani.

Fundi alikuwa na maneno yake tayari, kwamba yeye si ombaomba wa mtu. Yalishafika ulimini.

"Cheza basi, fundi," muuza nyama akasema kwa upole. "Leo unafikiri mno."

Fundi akayatazama macho yale yasiyomwona, akayameza maneno yake. Akainyanyua kingi, akairudisha ilikotoka, kisha akaipiga ubaoni paa.

Nilipofika hapo, mke wangu, aliyekuwa akisoma nyuma ya bega langu, akavua miwani.

"Fundi viatu mtaani humu ni wewe peke yako," akasema. "Mimi nilizikwa lini?"

Maji ya vyombo yameshapata moto.