Vimelea Pacha

"Vinafanana kama pacha," mtaalamu wa maabara alisema, akavua miwani. "Kila kimelea cha kifua kikuu kina alama zake kwenye vinasaba, kama mtu na alama za vidole. Vya mzee hapa na vya mgonjwa mmoja wa mji wa ng'ambo ya mto ni vilevile. Mkoa mzima hatujaona vingine vya namna hiyo. Tunataka kujua ugonjwa umepitia wapi. Mlikutana wapi?"

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alilitua sakafuni.

"Ng'ambo ya mto sijakanyaga miaka," mumewe alijibu. "Mimi ni nyumbani na kiwandani, basi. Hata huko kupimwa tulilazimishwa wote kazini. Nilikuwa na mafua tu."

"Na mama je?"

"Mama huenda huko kununua vitambaa. Lakini yeye mzima kama chuma."

"Huyo mgonjwa ni nani?" mshonaji aliuliza.

"Jina siruhusiwi kulitaja, mama. Fikirini taratibu, nitarudi."

Jina hakulihitaji. Mwenye duka la vitambaa, ambaye alishazoea kumkaribisha hadi chumba cha nyuma, alikuwa akikohoa walipoonana mara ya mwisho. "Vumbi la majora haya," alisema, akacheka.

Tangu hapo mshonaji hakuwa na raha. Simu ikilia, moyo unamruka. Mtu akipiga hodi, anachungulia dirishani kwanza. Alijifungia bafuni akajikohoza kwa nguvu, akatazama leso: hakuna kitu. Hilo nalo likazidi kumtisha. Alijiona amekibeba kimyakimya kidudu kisichoonekana kwa macho, kutoka kitanda kimoja hadi kingine, na sasa kuna watu wenye mashine za kumsoma njia zake zote.

Mumewe naye alijitenga. Akawa na kikombe chake, sahani yake, vidonge vyake vya kila asubuhi, akahamia kwenye kochi la sebuleni. Mjukuu akiletwa, yeye anatoka kwa mlango wa uani. Jioni moja mkewe alimkuta ameegemea dirisha, macho mekundu.

"Mama watoto, nikikuambukiza wewe au yule mtoto, sitajisamehe. Mimi nimeutoa wapi ugonjwa huu?"

Mshonaji alijikaza asiseme, akashindwa.

"Hukuuleta wewe," alimwambia. "Nimeuleta mimi."

Akasema yote, bila kubakiza hata kile chumba cha nyuma. Mumewe hakupandisha sauti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Watoto wanajua?"

"Hapana."

"Watajua."

Asubuhi mumewe alikunja mashati yake akahamia chumba cha uani kwa dada yake. Kufikia mchana binti yao mkubwa alikuwa ameshapiga simu. "Mama, kwa sasa usinitafute," alisema, akakata.

Mtaalamu aliporudi alimkuta mshonaji peke yake, cherehani imefunikwa, nyumba kimya. Safari hii hakuketi.

"Mzee yupo?"

"Ameondoka. Wewe sema tu, mwanangu, mimi nimeshajua. Ni yule mwenye duka."

"Duka gani, mama?" Mtaalamu alimtazama asielewe. "Yule mgonjwa ni bibi kizee, mwaka mzima hajainuka kitandani. Nimekuja kuwaomba radhi. Chupa yake ya makohozi na ya mzee zilifunguliwa kwenye meza moja, tone la bibi likaingia kwenye ya mzee. Mwambie mzee aache dawa. Hajawahi kuumwa."