Maili ya Kumi na Mbili

Filumena alikuwa katikati ya ngazi za gati la kijiji cha Xlendi alipogundua kwamba viatu alivyovaa havikuwa jozi moja. Kurudi nyumbani hakuthubutu. Mama yake angeamka kwa kengele ya misa ya kwanza, akute kitanda kitupu, na habari ingemfikia padri kabla hata ya chai.

Meli ya madaktari ilikuwa imetia nanga nje ya maji ya Malta, maili kumi na mbili baharini, mahali ambapo sheria ya nyumbani haina nguvu. Alisikia kwenye habari. Huko mwanamke anaingia na mimba, anatoka hana, na hakuna wa kumtia pingu. Yeye siku zake zilikuwa zimechelewa wiki saba. Akigundulika atapelekwa kwa masista, afungiwe huko mpaka azae, na jina lake halitatajwa tena mezani kwao. Ilikuwa lazima afike leo.

Chini ya ngazi walisimama wanawake watatu wenye rozari, wakisali ili meli hiyo iondoke. Filumena alipiga moyo konde, akajifunika mtandio mpaka machoni.

"Umeamka mapema, Filumena," alisema mmoja wao, mnene, mwenye koti la buluu. "Njoo basi usali nasi."

Sura hiyo hakuijua. Walimpisha kwa heshima, na heshima hiyo ikamtisha kuliko kama wangemtemea mate. Kumbe wanamjua! Mmoja tu akifungua mdomo, amekwisha.

Mwenye mashua, Wistin, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, alikuwa tayari amewasha injini.

"Shika mkono wangu, bibie. Polepole, hapo pana utelezi."

"Nani kakwambia nakuja?"

"Nani aniambie? Mwenye mashua kazi yake kungoja abiria."

Alikuwa amemtandikia mto wa kukalia, na blanketi juu yake. Filumena alishuka kwa taabu. Magoti yalimgomea, akajua ni mimba hiyo, imeshaanza kumpa tabu.

Walitoka ghubani. Kisiwa kilipozidi kuwa kidogo, upweke ulimwingia. Hakuwa na dada wa kumnong'oneza, wala rafiki wa kumshika mkono, na sasa siri yake yote ilikuwa kwa mwanamume asiyemjua hata kwa jina la ukoo.

"Usimwambie mama yangu," alisema.

"Mama yako sitamwambia neno."

"Apa."

"Naapa kwa Santa Marija." Wistin alirekebisha usukani. "Na baba wa mtoto, je?"

"Mwanamaji. Meli yao ya Kiingereza iliondoka mwezi uliopita. Hajaandika hata barua."

"Alikuwa na sura gani?"

"We mzee, mbona mbea hivyo?"

Wistin alicheka. "Safari ndefu, bibie. Nipigie soga."

Filumena alijikuta naye anatabasamu, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mrefu. Akicheka anafumba jicho moja. Na kuogelea hajui, mwanamaji mzima!"

"Hilo la kuogelea ndiyo kwanza nalisikia," alisema Wistin taratibu.

Alimmenyea yai, akampa na mkate wa nyanya. Filumena aliuma mara mbili tu. Alimwuliza kama huko melini wanaumiza watu. Wistin akasema hapana, watu wa kule ni wapole.

"Na kama utamzaa?" aliuliza baadaye. "Huenda akawa mtoto mzuri."

"Simtaki," alisema Filumena, na machozi yakamtoka. "Sina ubaya naye. Lakini nikimzaa nitazeekea kwenye chumba kile kile, na mama ataniangalia hivyo hivyo mpaka afe. Simtaki, unanielewa?"

"Nakuelewa."

Akageuka kukagua injini, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Saa nne walifika. Mabaharia wawili walimpandisha Filumena kwa uangalifu, na muuguzi, msichana wa Valletta mwenye kompyuta ndogo mkononi, akamketisha kando ya ukingo wa meli. Chini yao Wistin alikuwa akifunga kamba.

"Jina?"

"Filumena Buttigieg. Tafadhali, fanyeni haraka."

"Miaka?"

"Kumi na tisa."

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake.

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na tatu, mwezi wa nane."

Vidole vya muuguzi vilisimama. Alitazama makunyanzi ya uso ule, kisha akachungulia chini, kwenye mashua. Wistin alivua kofia yake, na kichwa chake chote kilikuwa mvi.

"Mpe chochote cha kumeza, binti, hata peremende, ili leo apate kulala," alisema kwa sauti ya chini. "Mimba yenyewe ni mimi."