Moyo Uliotulia

Miaka hiyo nyumba za wazee zilipimwa kwa utulivu wa mioyo. Kila mzee alivaa bangili iliyousoma moyo wake kutwa kucha, na nyumba ambayo wazee wake walihuzunika mno ilifungwa.

Bi Nakijwa alitunzwa vizuri. Uji ulimfikia ukiwa moto, na shuka zake zilinukia jua. Tatizo lilikuwa binti yake wa pekee, Namsifu. Kila alipokuja kumjulia hali na kuondoka, bangili ya mama iliwaka nyekundu siku mbili nzima.

"Mama, alama zetu zinashuka," muuguzi Shukuru alimwambia kwa upole. "Namsifu asije kwanza, mpaka uzoee kuagana."

Basi Bi Nakijwa akaanza kujizoeza. Kila asubuhi alifumba macho, akamwona mwanawe akijitanda khanga na kushika njia, naye akavuta pumzi taratibu. Mwanzoni alilia. Miezi ikapita, bangili ikaacha kuwaka nyekundu, na Shukuru akampigia Namsifu simu.

Namsifu alikuja mbio, akamkumbatia huku machozi yakimtoka. "Nimekukumbuka mno, mama!"

"Hata mimi, mwanangu," alijibu Bi Nakijwa, kwa kuwa ndivyo watu wanavyojibu.

Alasiri binti akaaga. Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Bangili ilikuwa kijani, na Shukuru akapiga makofi.

Bi Nakijwa alibaki mlangoni, akiutafuta uchungu wake asiuone.

"Mkimbilie," akamwambia Shukuru mwishowe. "Mwambie arudi aniage tena."